TANU Ilipoingia Uani

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Nilizaliwa mwaka 1944, tukikaa Mtaa wa Mchikichi, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani nyuma. Dar es Salaam ya Mwingereza ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa Uzunguni wakipepewa na bahari, Wahindi wakakaa Uhindini, sisi Kariakoo na Ilala. Kati yetu na wao pakaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja ili watu wasichanganyikane. Uwanja huohuo TANU, chama cha kupigania uhuru, ikaja kuujaza watu.

Siku hizi vijana wakinijia kuuliza habari za kupigania uhuru, huuliza ya majukwaani: nani alihutubia, wapi, tarehe ngapi. Jukwaa mimi nililiona kwa mbali, nimebanwa katikati ya mabaibui ya watu wazima. Nilichokiona kwa karibu ni uani, mahali wanawake walipopika, walipofua, walipotetana na walipopanga mambo yao. Bibi Titi Mohamed, aliyekuja kuwaongoza wanawake wa TANU, nilimjua huko kwanza, na habari zake za huko ndizo ninazotaka kuzisimulia.

Kabla ya siasa, mji ulimjua kwa sauti. Alizaliwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1926, wazazi wake Wamatumbi, akasoma mpaka darasa la nne. Kwa mtoto wa kike wa Kiislamu wa wakati ule hiyo ilikuwa elimu kubwa, maana wengi wakishavunja ungo waliwekwa ndani mpaka posa ije. Aliimba maulidi, na baadaye akawa mwimbaji wa kuongoza katika kundi moja la ngoma. Akianza kuimba mtaa wa pili, wanawake wa mtaa wetu waliacha vyungu jikoni.

Mama yangu hakuwa kundi la Bibi Titi. Alikuwa kundi jingine, na makundi hayo yalikuwa na ushindani mkali. Kundi moja likitoka na sare ya kanga mpya, jingine halilali mpaka lipate iliyo ghali zaidi. Walitupiana mafumbo kwenye nyimbo, na fumbo likimpata mtu aliweza kununa mwaka mzima. Lakini asidanganyike mtu akadhani yalikuwa mambo ya kucheza tu. Kundi la ngoma lilikuwa na kiongozi, lilikuwa na wakubwa na wadogo wenye vyeo vyao, lilikuwa na mtu wa kushika fedha. Mwanachama akifiwa, kundi lilibeba msiba. Akiozesha, kundi lilileta mchele na mbuzi. Habari ya asubuhi ya Gerezani ilifika Ilala kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyekuwa na simu. Mama hakujua kusoma, lakini alijua kwa kichwa nani amechanga, nani anadaiwa, na tangu lini.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Bibi Titi na mumewe, Boi Selemani, waliingia mapema sana. Kadi ya mumewe ilikuwa namba 15, yake 16. Ila wanawake wengine hawakuwemo. Mwaka uliofuata akaja mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour, akawauliza viongozi kama wana tawi la wanawake. Wazee wetu walisimulia kwa kicheko jinsi viongozi walivyojibu kuwa lipo, kisha wakatoka mbio kulitafuta. Wengi hawakutaka kuwatoa wake zao. Mwisho likatajwa jina la Titi, mumewe akaombwa ruhusa, akaitoa. Hivyo ndivyo alivyopata kazi yake ya kisiasa: mgeni aliuliza swali, wenyeji wakaona aibu.

Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kumfundisha la kufanya, na nadhani hakuhitaji. Alikwenda kwa watu aliowajua. Aliita viongozi wa makundi ya ngoma, rafiki na mahasimu, akawaomba kila mmoja alete watu wake. Kiongozi wa kundi la mama alirudi nyumbani kutoka kwenye kikao hicho akaita kikao chake mwenyewe, uani kwetu, juu ya mikeka. Nakumbuka mzozo. Wako waliosema hawawezi kumfuata mtu wa kundi hasimu. Kiongozi wao akawajibu kuwa Gavana naye si mtu wa kundi lao, na bado wanamlipa kodi.

Bibi Titi mwenyewe akaja siku chache baadaye. Hakuingia kama mkubwa wa chama. Alipiga hodi mlangoni, akawaamkia wazee, akauliza hali ya mpangaji wetu mmoja aliyekuwa mgonjwa, akakaa chini mkekani na wenzake. Mazungumzo ya kwanza yalikuwa ya bei ya sukari na ya ada za shule. Kisha akaanza kusema, na uani ukanyamaza. Sikuelewa yote, nilikuwa na miaka kumi na moja tu. Niliyoyashika ni kwamba kila mwanamume anayejiona mkubwa amezaliwa na mwanamke, hata hao wanaotutawala. Na kwamba mwanamke akikubali jambo, nyumba nzima imekubali. Alikuwa mrefu wa maneno lakini hachoshi. Alijua lini acheke na lini akaze uso, kama mtu aliyezoea kuongoza ngoma na kuitikiwa.

Sasa nieleze kwa nini TANU ya Dar es Salaam iliwategemea wanawake kiasi kile, maana jambo hili watu hulipita haraka. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Waafrika waliojua kusoma na kuandika, wengi wao walikuwa makarani, walimu, matabibu na watu wa namna hiyo, yaani haohao waliokatazwa. Baba yangu alikuwa karani serikalini. Aliipenda TANU kimoyomoyo, akaisikiliza nyuma ya umati, akarudi nyumbani kimya. Wanawake hawakuwa na kazi ya kufukuzwa. Waliuza vitumbua, maandazi, samaki na mbaazi. Wengine huko Ilala walipika pombe. Fedha yao ilikuwa ndogo lakini haikuandikwa kwenye daftari la bwana yeyote.

Usiku mmoja niliwasikia wazazi wangu wakizungumza chumbani, wakidhani nimelala.

"Mama watoto, unajua kazi yangu ilivyo," baba alisema.

"Naijua. Kazi ni yako, kadi itakuwa yangu."

"Na wakiuliza?"

"Wakikuuliza, waambie mkeo hakutii. Watakuamini, wanaume wote husema hivyo."

Baba alicheka, na huo ndio ukawa mwisho wa mjadala. Mama alinunua kadi. Miezi michache tangu tawi la wanawake lianze, kufikia Oktoba 1955, wanawake elfu tano walikuwa wameshaandikishwa. Nikitajiwa hesabu hiyo sishangai. Naona nyua, mikeka, na viongozi wa ngoma wakipita nyumba hadi nyumba.

Mwalimu Nyerere, kiongozi wa TANU, alikuwa ameacha ualimu Pugu mwaka huohuo, baada ya safari yake ya Umoja wa Mataifa. Nyumbani hapakuwa na mshahara tena. Mkewe, Mama Maria, akawa anauza mafuta ya taa mtaani kwetu, na mimi nilitumwa na chupa kwenda kununua. Hakuwa msemaji sana. Alipima, akafuta chupa, akaniuliza kama nimekwenda shule. Vitabu vinamtaja kuwa mke wa kiongozi. Sisi wa Mchikichi tulimwona akiwalisha wanawe kwa mafuta ya taa huku mumewe akizunguka nchi nzima.

Mikutano ya hadhara ilikuwa Mnazi Mmoja, baadaye Jangwani. Wanawake walitangulia kufika. Mara nyingi Bibi Titi ndiye aliyepasha moto uwanja kabla Mwalimu hajasimama. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, msomi aliyetoka bara, na wazee wengi wa mjini hawakumjua. Titi walimjua. Yeye alipomsimamisha mgeni yule mbele yao na kumsifu, alimkopesha heshima yake mwenyewe. Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Palikuwa na Bibi Tatu binti Mzee, palikuwa na Bibi Hawa binti Maftah. Tabora walikuwako kina Bibi Nyange binti Chande na Bibi Zarura binti Abdulrahman, Moshi kina Bibi Halima Selengia, na Lucy Lameck aliyekuja kuwa naibu waziri. Wengine walikuwa hawajawahi kwenda sokoni bila ruhusa.

Kazi hiyo iliwagharimu. Bibi Titi alisafiri majimboni na viongozi wanaume, akilala ugenini, akila vumbi kwenye Land Rover ya chama. Mjini maneno hayakosi. Nilimsikia mwanamke mmoja pale bombani akisema kuwa mke wa mtu hazururi na wanaume hata kama wanatafuta pepo. Mama akatua ndoo, akamwambia, "Wewe umekaa nyumbani, na mumeo bado anaitwa boi kazini." Yule mwanamke hakujibu. Wanaume wa umri wa baba yangu waliitwa hivyo, boi, na watoto wa Kizungu. Hilo halikuhitaji kufafanuliwa na mtu wa Ulaya.

Michango nayo ilipita mikononi mwa wanawake. Safari za viongozi zilitaka nauli, ofisi ya chama pale New Street ilitaka kodi, wageni walitaka kula. Mama alitoa bangili moja ya fedha aliyopewa na bibi yake. Hakufanya sherehe. Aliivua, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka. Baba alipoiulizia, alijibu kuwa mkono ulikuwa umenenepa.

Mwaka 1958 ulikuwa mgumu. Januari, chama kilikutana Tabora kuamua kama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambamo mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Hoja ya Mwalimu ya kushiriki ilishinda, TANU ikakubali, na baadhi ya wazee wakajitenga. Katikati ya mwaka Mwalimu akashtakiwa kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU kuhusu mabwana shauri wawili. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt, yuleyule aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria. Wanawake walikwenda mahakamani kana kwamba wanakwenda matangani, wamevaa mabaibui, wamebeba watoto na maji, wakakaa nje mchana kutwa. Mahakama ikampa Mwalimu kuchagua kati ya faini ya shilingi elfu tatu na kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Jioni hiyo uani kwetu palipikwa pilau, na mahasimu wa ngoma walikula sahani moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulikwenda uwanjani kwa miguu, mama na kundi lake wakiwa na kanga za sare. Taa zilizimwa, zilipowashwa bendera ya Mwingereza haikuwepo. Watu walipiga kelele. Mama alikaa chini akavua viatu, akasema miguu inamuuma tangu 1955.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru Bibi Titi alikuwa juu. Alikuwa mbunge, akawa waziri mdogo. Julai 1962 wanawake kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana hapa Dar es Salaam, wakaunda umoja wao. Ndiyo sababu mpaka leo tarehe 31 Julai huadhimishwa kuwa siku ya mwanamke wa Afrika. Mwaka huohuo ikaundwa UWT, jumuiya ya wanawake nchini, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa yeye. Mimi nilikuwa nimeanza mafunzo ya ualimu, na nikawa naambiwa na wakufunzi wangu wa kigeni kwamba wanawake wa Kiafrika wanahitaji kufundishwa uongozi. Nilikaa kimya, nikamkumbuka mama na hesabu zake za kichwani.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikataa sharti hilo, akajiuzulu kwenye Kamati Kuu ya TANU.

Hapa nataka kusimama kidogo. Nilikuwa mwalimu kijana, nililiunga mkono Azimio, na hata leo naona nia yake ilikuwa njema: kiongozi asiwe mwenye nyumba anayewanyonya wapangaji. Lakini mwanamke wa mjini wa rika la Bibi Titi alikuwa na nini kingine? Hakuwa na shahada wala pensheni. Talaka ilikuwa neno moja tu kinywani mwa mume. Aliyewekeza kwenye nyumba, akapangisha vyumba, alijipatia chakula cha uzeeni na mahali ambapo hakuna mume angeweza kumtoa. Pwani yote, tangu zamani, nyumba ndiyo iliyomwekea mwanamke heshima yake. Kwa kiongozi mwanamume mwenye mshahara, sharti lile lilipunguza mali. Kwa mwanamke kama yeye liligusa paa la mwisho. Sikumsikia mtu akilisema hilo hadharani wakati ule, na waliolifikiri walinong'ona.

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wengine, akiwemo aliyekuwa waziri, Michael Kamaliza, wakashtakiwa kwa uhaini. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwenyewe alikana. Sikuwamo mahakamani na sina la kuongeza juu ya ushahidi uliotolewa. Niliyoyaona ni ya mtaani. Picha alizokuwemo zikateremshwa kutani. Watu waliojivunia kuandikishwa naye wakaanza kusema waliandikishwa na mwingine. Kwenye masomo ya siasa tuliyoyafundisha darasani, wanawake wa TANU walibaki sentensi moja isiyo na majina. Mwaka 1972 Rais alimsamehe, akatoka, lakini jina lake halikutoka naye.

Mama alikuwa na picha ya mkutano wa Jangwani, Bibi Titi yuko mbele, mkono juu. Hakuitundika tena na hakuichana. Aliitia kwenye sanduku lake la mbao pamoja na kadi ya TANU, juu yake akaweka kanga ya sare ya mwaka wa Uhuru, akafunga kwa kufuli. Baba alimwambia kuwa ni hatari. Mama akamjibu kuwa mwaka 1955 alimwambia vivyo hivyo.

Ilichukua muda mrefu. Nchi ilipotimiza miaka thelathini ya Uhuru, mwaka 1991, jina lake lilianza kutajwa tena kwa heshima. Bibi Titi akafariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Barabara kubwa inayopita kando ya Mnazi Mmoja, iliyokuwa ikiitwa UWT, leo ina jina lake. Msomi wa Kimarekani, Susan Geiger, alikaa na wanawake wa TANU akawahoji, akatoa kitabu mwaka 1997. Namshukuru, na wakati huohuo naona haya kwamba ilibidi mtu asafiri kutoka mbali kuja kuwauliza bibi zetu jambo ambalo sisi tungeweza kuwauliza tukimenya vitunguu.

Maoni yangu ni haya. TANU ya Dar es Salaam ilikuta mtandao umekwisha kujengwa: viongozi wanaosikilizwa, hazina zinazoaminika, habari zinazokwenda haraka, watu waliozoea kuitana na kuitikiana. Wanawake walikuwa wameujenga kwa ajili ya harusi, misiba na ngoma. Bibi Titi aliuona, akaugeuza kuwa chama. Huo ndio ubingwa wake, mkubwa kuliko hotuba yoyote. Na waliomzunguka, wale elfu tano wa mwaka 1955, walikuwa washiriki kamili, wenye akili na hofu zao, waliotoa bangili zao wakijua wanachokifanya.

Kwa hiyo nina ombi kwa anayesoma. Kama bibi yako au mama yako alikaa Kariakoo, Ilala, Tabora, Moshi, Lindi au popote TANU ilipopita, fungua sanduku lake. Ukikuta kadi ya zamani, usiitupe na karatasi nyingine. Andika nyuma ya picha jina lake kamili, mtaa aliokaa na kundi lake la ngoma, kisha ipeleke Makumbusho ya Taifa au kwenye shule iliyo karibu nawe watoto waione. Na kama bado yu hai, muulize leo jioni. Sisi tuliowaona kwa macho tumebaki wachache.